Mseto Uliokataliwa na Mseto Uliokubaliwa: Geita, Shinyanga na Uundwaji wa Serikali ya Kwanza ya Tanganyika, 1954–1965

Utangulizi

Neno mseto lina maisha mawili katika Kiswahili. Jikoni ni chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa pamoja hadi kimoja kisitenganike na kingine. Katika siasa ni serikali inayoundwa na vyama viwili au zaidi kwa sababu hakuna chama kimoja chenye nguvu ya kutawala peke yake. Wasomaji wa leo hulihusisha neno hilo na Kenya ya mwaka 2008, au na Serikali ya Umoja wa Kitaifa iliyoundwa Zanzibar mwaka 2010. Usukumani, hata hivyo, mseto ulikuwa suala la siasa miaka mingi kabla ya hapo, na kwa maana tofauti kidogo. Katika miaka ya 1950 ulihusu mabaraza ya serikali za mitaa ambamo Waafrika, Waasia na Wazungu walitakiwa kukaa pamoja kwa mpango uliobuniwa na serikali ya kikoloni. Wakulima na wafugaji wa Geita waliukataa mpango huo kwa nguvu iliyoishangaza serikali.

Miaka miwili baada ya upinzani huo, mwezi Septemba 1960, Julius Nyerere aliunda baraza la mawaziri lenye Waafrika, Waasia na Wazungu. Geita haikuandamana. Mwanza haikuandamana, wala Shinyanga. Makala haya yanaeleza kwa nini mseto wa kwanza ulikataliwa na wa pili ukakubaliwa. Yanaeleza pia namna serikali ya kwanza ya Tanganyika, ambayo kwa kawaida hutajwa kama serikali ya chama kimoja tangu mwanzo, ilivyokuwa kwa hakika mapatano ya makundi kadhaa yaliyokuwa na nguvu zao wenyewe. Kundi moja kubwa kati ya hayo lilijengwa katika mashamba ya pamba ya Usukuma.

Jirani zake Tanganyika na tatizo la wingi wa viti

Ili kuielewa Tanganyika ni vema kuwatazama kwanza majirani zake. Zanzibar ilifanya uchaguzi mwezi Januari 1961: ASP ilipata viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Wajumbe watatu wa ZPPP waligawanyika, wawili wakaenda upande wa ZNP na mmoja upande wa ASP, na matokeo yakawa 11 kwa 11. Uchaguzi ukarudiwa mwezi Juni mwaka huohuo, damu ikamwagika, watu 68 wakafa, na ZNP na ZPPP zikaunda serikali ya mseto chini ya Muhammed Shamte. Mwaka 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, na mseto uleule ukaipokea nchi tarehe 10 Desemba 1963. Uliishi mwezi mmoja na siku mbili.

Kenya ilipitia njia nyingine. Mwaka 1961 KANU ilishinda viti vingi kuliko KADU lakini ikakataa kuunda serikali wakati Jomo Kenyatta yuko kizuizini, nayo KADU ikaiunda kwa msaada wa wajumbe wa Kizungu na Kiasia. Baada ya mkutano wa Lancaster House wa 1962 vyama hivyo viwili vililazimika kukaa katika serikali moja hadi uchaguzi wa Mei 1963. Nchini Uganda, UPC ya Milton Obote na Kabaka Yekka, ambavyo havikuwa na mengi ya kuviunganisha zaidi ya kutoitaka DP, vilishirikiana mwaka 1962. Ushirika huo ulivunjika mwaka 1964.

Katika mifano yote mitatu, mapatano yalifanyika baada ya kura kuhesabiwa, kati ya vyama vyenye majina na viongozi wanaofahamika. Raia aliweza kuona nani amepatana na nani. Tanganyika haikuwa na haja ya hesabu ya namna hiyo. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na viti 58 havikuwa hata na mpinzani. Mgombea binafsi mmoja aliyeshinda, huko Mbulu, alikuwa mwanachama wa TANU vilevile. Kutokana na takwimu hizi wachambuzi wengi wameridhika kusema kuwa Tanganyika haikuwa na historia ya serikali ya mseto. Hitimisho hilo ni la haraka. Mapatano yalikuwapo, ila yalifanyika kabla ya kura, na ndani ya chama.

Usukuma bila TANU

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Kabla mwaka haujaisha, serikali ilikuwa imekwisha kukizuia chama hicho kuandikishwa Usukumani, na zuio hilo lilidumu hadi mwaka 1958. Kwa hiyo eneo lenye kabila kubwa kuliko yote nchini, ambalo kwa sensa ya 1957 lilikuwa na watu zaidi ya milioni moja katika nchi yenye watu karibu milioni tisa, lilipita miaka minne ya harakati za uhuru bila tawi halali la chama kilichoziongoza.

Sababu za serikali si ngumu kuzielewa. Usukuma ndio uliokuwa uwanja wa majaribio wa utawala wa kikoloni baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, na shirikisho la watemi, takriban hamsini, likawekewa makao yake Malya. Mpango huo ulileta mabwawa na visima, nao ulileta pia amri: kulima matuta, kupanda mihogo ya akiba, kupunguza mifugo kwa kuiuza mnadani, kulipa kodi ya ng'ombe. Msukuma ambaye ng'ombe wake ndiyo benki yake, mahari yake na heshima yake aliambiwa kwamba anao wengi mno. Aliyetekeleza amri hizo hakuwa bwana shauri Mzungu, ambaye alionekana kwa nadra. Alikuwa mtemi, na chini yake mwanangwa wa kijiji. Kila faini ilipotozwa, mamlaka ya mtemi yalipungua mbele ya watu wake.

Suala hili linahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa ndilo kiini cha yaliyofuata. Kwa mila za Usukuma, mtemi hakuwa mtawala asiyeulizwa. Banang'oma, wazee wa ikulu, ndio waliomchagua kutoka katika ukoo wa utemi, na waliweza kumwondoa mvua zilipokosekana au alipozidisha ubabe. Utawala wa Waingereza ulimpa mtemi mshahara, mahakama na hazina, ukamwacha akiwajibika kwa bwana shauri badala ya banang'oma. Hata watemi walio hodari walinaswa katika hali hiyo. David Kidaha Makwaia, mtemi wa Usiha, Shinyanga, alisoma Makerere na Oxford; mwaka 1945, pamoja na Mangi Abdiel Shangali wa Machame, akawa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Aliketi pia katika Tume ya Kifalme ya 1953–1955 iliyochunguza ardhi na idadi ya watu katika Afrika Mashariki. Kwa elimu na uzoefu, watu wachache nchini walilingana naye. Lakini nafasi zote hizo alipewa na serikali, na mwaka 1954 aliuacha utemi. Uongozi wa siasa za Usukuma ulikuwa umekwisha kuanza kuhamia kwingine.

Mizani ya pamba

Ulihamia kwenye mizani. Pamba ya Usukuma ilinunuliwa na wafanyabiashara wa Kiasia kwa niaba ya majineri, nao wakulima walilalamika kwa miaka mingi kwamba wanapunjwa katika kupima. Mkulima aliyetembea nusu siku na mtumba wa pamba kichwani au juu ya punda hakuwa na namna ya kuthibitisha kwamba jiwe la mizani si la haki. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 vikundi vya wakulima vilianza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia. Mpimaji alilipwa na wakulima, alisimama karibu na mizani ya mnunuzi na kupima upya. Ushirika wa Usukuma ulianza hapo, katika ugomvi juu ya ratili chache za pamba.

Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma mwaka 1925, alikuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika wa Mwanza tangu mwaka 1947, kisha akaongoza harakati za wakulima na kwenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Mwaka 1955 vyama vya pamba viliungana katika shirikisho lililojulikana kama Victoria Federation of Co-operative Unions. Muundo wake ulikuwa wa ngazi tatu: chama cha msingi kijijini, muungano wa vyama katika eneo, na shirikisho Mwanza. Kufikia mwaka wa uhuru, shirikisho hilo lilikuwa limechukua ununuzi wa pamba ya Jimbo la Ziwa na kuanza kumiliki majineri yake.

Serikali iliupenda ushirika kwa sababu uliongeza pamba. Jambo ambalo haikulipima ipasavyo ni kwamba, kwa kuizuia TANU, ilikuwa imeufanya ushirika kuwa uwanja pekee mpana wa siasa. Mkutano mkuu wa chama cha msingi ulikuwa na wanachama waliolipa kiingilio, mwenyekiti aliyechaguliwa, katibu mwenye daftari, na ajenda. Bomani alikuwa kiongozi wa chama cha TAA katika Jimbo la Ziwa kabla TAA haijageuka TANU. Polisi wangeweza kufunga ofisi ya TANU. Lakini wangeufungaje mkutano wa wauza pamba? G. Andrew Maguire, ambaye kitabu chake cha 1969 bado ndicho maelezo ya kina zaidi kuhusu siasa za Usukuma katika kipindi hiki, anaonesha wazi jinsi ushirika na siasa za kitaifa vilivyolishana huku chama chenyewe kikiwa kimezuiwa.

Geita, 1958

Wilaya ya Geita ilikuwa changa. Iko magharibi ya ghuba inayoitenga na Mwanza, katika nchi iliyokuwa ya Wazinza, na ilijazwa na Wasukuma waliovuka kutoka mashariki kutafuta ardhi na malisho. Wengine walihamasishwa na serikali yenyewe iliyotaka kupunguza msongamano. Mgodi wa dhahabu wa Geita, ulioanza kabla ya vita, ulivuta vibarua. Watu wa aina hii, walioacha makaburi ya babu zao upande wa pili wa maji, hawakuwa na mazoea ya kumtii mtemi wa mahali walipohamia kwa sababu tu ni mtemi. Ajabu ni kwamba wilaya hiyo ndiyo iliyochaguliwa kuonesha mfano wa baraza la mseto.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1953 iliruhusu kuundwa kwa mabaraza ya wilaya yenye wajumbe wa jamii zote. Kwa Gavana Edward Twining, mabaraza hayo yalikuwa sehemu ya falsafa nzima: Tanganyika ingekuwa nchi ya jamii tatu, kila moja ikiwa na sauti yake. Kwa mkulima wa Geita, maana ilikuwa nyingine. Wazungu nchini kote walikuwa 20,000 hivi, na Waasia hawakufika 80,000. Katika wilaya ya vijijini kama Geita, Mzungu alikuwa ofisa, mmisionari au mtu wa mgodini, na Mwasia alikuwa mwenye duka au mnunuzi wa pamba. Kumketisha mnunuzi wa pamba katika baraza linalopanga kodi na ardhi, tena bila kuchaguliwa na wakulima, kulionekana kuwa ni kumrudisha kupitia dirishani mtu aliyekuwa akitolewa mlangoni na ushirika. Palikuwa pia na hofu kubwa kuliko hiyo, kwamba baraza ni njia ya kuwagawia wageni ardhi. Watu hao walikuwa na habari za Kenya na za mgogoro wa ardhi ya Wameru uliofikishwa Umoja wa Mataifa mwaka 1952, na hofu yao haikutoka hewani.

Watemi wa Geita walilikubali baraza. Wananchi, kwa hiyo, waliwakataa watemi. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 1958 mikutano isiyo na kibali ilienea, amri za kilimo na mifugo zikapuuzwa, na wanangwa wakapoteza usikivu wa watu. Mwezi Julai umati wa maelfu ulikwenda Mwanza kumwona mkuu wa jimbo. Ulitawanywa na polisi kwa mabomu ya machozi.

Kumbukumbu za serikali zinayaita matukio hayo machafuko, nalo jina hilo limebaki vitabuni. Ni neno lisilotosheleza. Watu waliotembea hadi Mwanza walikuwa na madai mawili au matatu yanayoeleweka kabisa, nao walikuwa wakimtafuta mwenye mamlaka ya kuyajibu. Ikiwa yapo machafuko, yalianza pale wasikilizwaji walipokosekana.

Mwaka huohuo Nyerere mwenyewe alishtakiwa kwa kuwakashifu mabwana shauri katika jarida la Sauti ya TANU, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Gavana mpya, Richard Turnbull, aliyefika Julai 1958 akitoka Kenya ya Mau Mau, hakuhitaji kufundishwa gharama ya kuwatawala watu kwa nguvu. Mwezi Oktoba alitamka katika Baraza la Kutunga Sheria kwamba nchi inaelekea kwenye serikali yenye Waafrika wengi. Zuio la TANU Usukumani liliondolewa, na sera ya mabaraza ya mseto ikaachwa. Geita ilikuwa imeshinda.

Kura tatu

Wakati Geita ikipinga mseto, TANU ilikuwa imekwisha kuingia katika mseto mwingine. Mkutano wa chama uliofanyika Tabora mwezi Januari 1958 ulikabiliwa na swali gumu: je, TANU ishiriki uchaguzi ambao kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu kwa pamoja, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake inaharibika? Masharti ya kuandikishwa yalikuwa umri wa miaka 21 pamoja na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kushika nafasi fulani za uongozi. Wengi walitaka kususia. Nyerere aliwashawishi kushiriki, nao waliokataa wakamfuata Zuberi Mtemvu katika chama kipya cha African National Congress.

Athari ya kanuni ya kura tatu haikuwa ile iliyokusudiwa na Twining. Iliitaka TANU, ambayo wakati huo haikuwa ikipokea wanachama wasio Waafrika, itafute wagombea Waasia na Wazungu wa kuwaunga mkono katika kila jimbo kati ya majimbo kumi. Hapo ndipo walipoingia watu kama Derek Bryceson, mkulima wa Kizungu wa kaskazini, na Amir Jamal wa Morogoro. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wajumbe 30 waliotokana nao wakaunda umoja wao bungeni chini ya uenyekiti wa Nyerere. Umoja huo ulikuwa mseto kamili: watu wa jamii tatu, wengi wao si wanachama wa chama kimoja, waliofungwa pamoja na ahadi ya kudai serikali ya madaraka. Mwezi Julai 1959 watano kati yao wakawa mawaziri: Abdallah Fundikira, George Kahama, Solomon Eliufoo, Jamal na Bryceson. Nyerere alibaki nje, ili asifungwe na serikali ambayo bado haikuwa yake.

Ikumbukwe kwamba Bryceson alipewa madini na biashara. Hivyo waziri wa kwanza aliyechaguliwa na wananchi kusimamia almasi za Mwadui, ambako mwaka 1958, baada ya kifo cha John Williamson, serikali na kampuni ya De Beers waligawana umiliki nusu kwa nusu, na dhahabu ya Geita iliyowavuta vibarua kuvuka ghuba, alikuwa Mzungu aliyeingia kwa kura za wafuasi wa TANU.

Kwa nini Geita haikuandamana tena

Swali la mwanzo linarudi sasa likiwa limepata sura. Mtu angetarajia kwamba waliokataa kukaa na Mwasia katika baraza la wilaya wangekasirika kumwona waziri Mwasia Dar es Salaam. Jibu la kwanza ni la namna watu walivyopatikana. Baraza la Geita liliteuliwa na kuletwa; Jamal na Bryceson walisimama mbele ya wapiga kura wakiungwa mkono na chama ambacho wananchi walikiona ni chao. Hata katika uchaguzi wa 1960, ambao ulihifadhi viti 11 kwa Waasia na 10 kwa Wazungu na kuacha 50 wazi kwa wote, waliopata viti hivyo walivipata kwa ridhaa ya TANU.

Jibu la pili ni la uwiano. Katika mpango wa Twining jamii tatu zilikuwa sawa kwa idadi ya wajumbe ingawa hazikuwa sawa kwa idadi ya watu. Katika serikali ya Septemba 1960 uwiano huo ulikuwa umepinduliwa: Waafrika walikuwa wengi, wengine wakawa washirika.

Jibu la tatu ndilo zito zaidi, nalo hutajwa kwa nadra. Mapatano ya 1960 yalimpa mkulima wa pamba kitu cha kushika. Bomani aliingia katika baraza la mawaziri akiwa na wizara ya kilimo na maendeleo ya ushirika, yaani wizara ileile ambayo maofisa wake walikuwa wakimtoza mkulima faini ya matuta. Kahama, aliyetokea ushirika wa kahawa wa Bukoba, naye alikuwamo. Aliyesimamisha mpimaji kwenye mizani ya mnunuzi sasa alisimamia bei. Mkulima wa Shinyanga aliweza kumvumilia Ernest Vasey, aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa Kenya, kushika fedha za Tanganyika kwa muda, maadamu pamba ilikuwa mikononi mwa Bomani.

Ukilitazama baraza hilo kwa makini, unaona makundi badala ya chama kimoja. Rashidi Kawawa alitokea vyama vya wafanyakazi. Oscar Kambona alikuwa mjenzi wa chama chenyewe. Fundikira alikuwa mtemi wa Unyanyembe. Bomani na Kahama walibeba ushirika, Jamal na Bryceson jamii za wachache. Kila mmoja alikuwa na watu nyuma yake ambao hawakuwa wafuasi wa Nyerere moja kwa moja. Katika nchi jirani watu wa namna hii wangekuwa viongozi wa vyama vitano. Usukumani mfano wake uko kwenye ngoma: Bagika na Bagalu hushindana vikali baada ya mavuno, kila upande na dawa zake na nyimbo zake, lakini uwanja ni mmoja na hakuna anayeondoka na kwenda kufungua uwanja wake.

Gharama ya mapatano yasiyoandikwa

Mapatano kati ya vyama huwa na masharti, na mshirika asiyeridhika hutoka akaiangusha serikali. Mapatano ndani ya chama hayana mlango huo. Jaribio la kwanza lilitokea Oktoba 1961, wabunge wa TANU walipotaka uraia uwe wa Waafrika tu. Nyerere alitishia kujiuzulu pamoja na serikali yake, nao wakarudi nyuma. Hoja yake ilikuwa ya haki na bado inasomeka vizuri. Ila ni kweli pia kwamba ilishinda kwa tishio na si kwa hesabu ya kura za kila kundi.

Baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, makundi yalianza kupoteza nguvu zao moja baada ya jingine. Nyerere aliacha uwaziri mkuu mwezi Januari 1962 akaenda kukijenga chama, Kawawa akachukua nafasi yake, na Bomani akahamia fedha. Sheria za 1962 ziliwabana wafanyakazi katika haki ya kugoma. Mamlaka ya watemi yalifutwa kuanzia mwaka 1963. Usukumani hatua hiyo haikuzua kilio kikubwa, kwa kuwa wananchi wenyewe walikuwa wamekwisha kuwakataa watemi wengi miaka mitano kabla. Fundikira aliondoka serikalini mwaka 1963. Christopher Kasanga Tumbo wa wafanyakazi wa reli alijaribu kuunda chama cha upinzani, naye Mtemvu, katika uchaguzi wa rais wa Novemba 1962, alipata kura 21,276 dhidi ya 1,127,978 za Nyerere. Mwezi Januari 1963 Halmashauri Kuu ya TANU iliamua nchi iwe ya chama kimoja, na katiba ya muda ya 1965 ikalithibitisha jambo hilo kisheria.

Kwa mkulima wa Usukuma mabadiliko yalikuwa na sura mbili. Kodi ya ng'ombe na matuta ya lazima vilikuwa vimeondoka pamoja na watemi. Lakini serikali mpya nayo ilihitaji pamba na dini ya maendeleo, na maofisa wake, baadhi yao wakiwa wale waliohutubia mikutano ya kuipinga josho na kodi, walijikuta wakiwaambia watu waleile wale warudi joshoni. Ushirika, ambao ulikuwa sauti ya mkulima dhidi ya mnunuzi, sasa ulikuwa mnunuzi pekee. Malalamiko juu ya mizani yalirudi, safari hii dhidi ya makarani wa vyama vya msingi. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati ya kuchunguza ushirika nchini, na haikuchukua muda mrefu kabla serikali haijaingilia kati uendeshaji wa shirikisho la Mwanza.

Kabla ya hapo wapiga kura walikuwa wamepata nafasi moja ya kusema. Uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, uliruhusu wagombea wawili wa TANU kushindana katika jimbo moja, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Huko Mwanza, Paul Bomani, waziri wa fedha na mwasisi wa ushirika wa pamba, alishindwa. Kwa mfumo wa vyama vingi, kushindwa huko kungehesabiwa kama mshirika mkubwa kupoteza uungaji mkono wa eneo lake, na mazungumzo ya kuunda upya serikali yangefuata. Katika mfumo uliokuwapo, Rais alimteua Bomani kuwa mbunge, akamrudisha katika baraza la mawaziri, na kumkabidhi wizara ya uchumi na mipango ya maendeleo.